Mikoko Yetu, na Sababu ya Miche Kufa

Wasomaji wa gazeti letu watakumbuka kwamba mwezi wa Machi mwaka jana wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu walikwenda pwani, Jumamosi moja, kupanda mikoko. Habari ile ilichapishwa humu pamoja na picha: watoto wamesimama topeni mpaka magotini, kila mmoja ameshika mche, wote wanacheka. Siku ile tulipanda miche 800, kwa mistari iliyonyoka kama mistari ya daftari. Mwezi wa Februari mwaka huu tulirudi kuihesabu. Tulikuta miche 31.

Habari hiyo ilipojulikana, mzazi mmoja aliniandikia barua kuuliza jambo moja tu: "Je, Mwalimu, miche ile ilikufa kwa sababu gani, na watoto wetu wamejifunza nini?" Swali lake ni la haki, nalo lastahili kujibiwa. Lakini jibu haliwezi kuwa fupi, maana hatuwezi kujua kilichoua miche kabla ya kujua mkoko wenyewe huishi namna gani. Basi somo hili ni jibu kwa mzazi huyo, na kwa wengine wote waliotaka kuuliza wasiulize. Na niseme tangu mwanzo kwamba kosa lilikuwa la mwalimu, si la watoto.

MIKOKO NI MITI GANI?

Neno mikoko latumika kwa njia mbili. Kwanza, ni jina la miti yote iotayo katika tope la bahari, mahali ambapo maji hujaa na kupwa. Pili, mkoko ni jina la mti mmoja miongoni mwa miti hiyo, ule wenye mizizi mingi iliyopindika kama miguu ya buibui. Katika pwani ya Afrika Mashariki ziko aina tisa au kumi za miti hii, kwa jinsi wataalamu wanavyohesabu. Wazee wetu waliijua kwa majina kabla ya mtaalamu yeyote kufika na daftari lake: mkoko, mkandaa, msinzi (ambao Kenya huitwa muia), mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Majina hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo mwanafunzi asishangae akisikia jina jingine kwao.

Miti hii si ya ukoo mmoja. Mkoko na mchu, kwa mfano, hawana undugu wa karibu. Kinachoifananisha ni shida zake, maana yote huishi mahali ambapo mwembe au mkorosho ungekufa upesi. Shida zenyewe ni tatu: tope lisilo na hewa, maji ya chumvi, na ardhi isiyotulia. Tuzitazame moja moja.

SHIDA YA KWANZA: PUMZI

Watu wengi hudhani kwamba mizizi kazi yake ni kunywa maji tu. La, mizizi pia hupumua, nayo yahitaji oksijeni kama sisi. Katika shamba la kawaida hewa hupita kati ya punje za udongo. Lakini tope la bahari ni laini mno, limeshiba maji, na hewa kidogo iliyomo humalizwa na vijidudu viozeshavyo majani. Ukitaka kuamini, chimba kwa mkono mahali penye mikoko. Juu tope ni la kahawia. Chini kidogo tu ni jeusi, na hutoa harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni alama kwamba humo oksijeni haimo.

Basi mikoko imepata njia ya kupumulia juu ya tope. Mkoko huteremsha mizizi kutoka katika shina na matawi, nayo husimama juu kama nguzo kabla ya kuingia topeni. Mchu hutoa mizizi mingi myembamba inayosimama wima kama penseli zilizochomekwa chini, na mlilana vivyo hivyo, ila yake ni minene zaidi. Msinzi hukunja mizizi yake ikatokeza juu kama magoti. Mkomafi una mizizi iliyosimama kama mbao zinazojipinda juu ya ardhi. Ukiitazama mizizi hii kwa makini utaona vitundu vidogo vidogo. Humo ndimo hewa inamopita.

Mwaka 1955 mtaalamu Scholander na wenzake walifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi aweza kulielewa. Walipaka mafuta mazito juu ya vitundu vya mizizi ya mkoko ili hewa isipite. Kisha wakapima hewa iliyomo ndani ya mizizi iliyozama topeni. Oksijeni ilipungua sana. Hivyo ikathibitika kwamba ule mzizi wa juu ndio pua ya mzizi wa chini.

Sasa fikiri. Maji yakijaa, vitundu hufunikwa, na mti hujizuia pumzi kama mzamiaji. Maji yakipwa, mti hupumua tena. Mzamiaji hodari aweza kukaa chini kitambo, lakini hawezi kukaa chini siku nzima. Mkoko nao ni hivyo hivyo. Tafadhali lishike jambo hili, maana tutalirudia.

Jambo hili pia laeleza misiba mingine iliyoipata mikoko. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, karibu na Mombasa. Udongo ukaifukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi sana ikakauka ikiwa imesimama. Mafuta ya meli yakimwagika baharini huua kwa njia ile ile: hupaka vitundu, mti ukakosa pumzi. Hilo ni kama jaribio la Scholander, ila limefanywa juu ya msitu mzima.

SHIDA YA PILI: CHUMVI

Mtu akimwagilia mchicha maji ya bahari, mchicha utakufa. Mikoko haifi, lakini isidhaniwe kwamba yaipenda chumvi. Huivumilia tu, tena kwa gharama. Mkoko huizuia mlangoni: mizizi yake huchuja maji, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chumvi hubaki nje. Mchu huingiza chumvi nyingi zaidi, kisha huitoa kwa majani. Wanafunzi, siku ya jua kali ambayo haikunyesha mvua, chumeni jani la mchu mlilambe. Mtaona chumvi kwa ulimi, na pengine punje zake kwa macho.

Kwa sababu kazi hii ni nzito, mahali penye jua kali na maji machache, ambapo chumvi hubaki na kuzidi, mikoko hudumaa. Mchu ambao ungefika kimo cha nyumba waweza kubaki kimo cha mtoto. Na mahali mto unapoleta maji baridi, kama Rufiji, miti hukua mirefu na minene.

SHIDA YA TATU: ARDHI ISIYOTULIA

Sote twaujua msemo wa mkoko kualika maua, usemwao mambo yanapokolea. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kuliona ua lenyewe? Ni dogo, la rangi ya maziwa, wala halina fahari. Ajabu yake yaja baadaye. Tunda la mkoko halianguki likiwa mbegu. Mbegu huota ikiwa bado mtini, ikatoa mche wa kijani mrefu kama mkuki, unaoning'inia mpaka ukomae. Ndipo huanguka. Ukianguka maji yamekupwa, waweza kujichoma topeni papo hapo. Ukianguka maji yamejaa, huelea, ukachukuliwa mbali, na waweza kuishi majini kwa wiki nyingi ukitafuta mahali pa kushika. Msinzi na mkandaa huzaa vivyo hivyo. Mchu hutoa mbegu yenye ganda jembamba linalobambuka likilowana, na mkomafi huzaa tunda la mviringo, kubwa na zito, lenye mbegu zenye pembe pembe ndani.

Maana yake ni nini? Ni kwamba bahari yenyewe ni mkulima wa mikoko. Kila mwaka hutawanya miche isiyo na idadi, ikaipeleka huku na huku. Mahali panapofaa, miche hushika bila ya mtu. Mahali pasipofaa, hushika leo ikang'oka kesho.

KILA MTI NA KIKAO CHAKE

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo. Kwa hiyo hatua chache tu za mteremko zatosha kubadili maisha ya mti: hapa maji hufika kila siku, pale hufika siku za bamvua tu.

Ukitoka baharini kwenda bara, mara nyingi utakuta kwanza mlilana, ambao hustahimili maji mengi na mawimbi kuliko wengine. Nyuma yake huja mkoko. Kisha msinzi na mkandaa. Karibu na nchi kavu huja mkomafi, kikandaa na msikundazi, hasa penye maji baridi. Mchu hauna ubaguzi sana, waweza kuukuta upande wa bahari na upande wa bara pia. Utaratibu huu si sawa kila mahali, lakini msitu hupangwa na maji, wala si kwa bahati.

FAIDA ZA MIKOKO

Faida ya kwanza ni chakula. Jani la mkoko likianguka halipotei. Kaa hulivuta mpaka shimoni mwake akalila, na kinachobaki huozeshwa na vijidudu, navyo huliwa na wadudu wa majini, nao huliwa na samaki. Kamba huzaliwa baharini, lakini watoto wao huingia katika mahori ya mikoko, wakajificha kati ya mizizi na kula humo mpaka wakue, ndipo hurudi baharini. Kaa wakubwa, tondo na chaza hupatikana humo. Mkizi na mwatiko nao hupitia humo wakiwa wadogo. Kwa hiyo mvuvi anayevua mbali na mikoko, asidhani kwamba hana deni kwake.

Faida ya pili ni ulinzi. Mizizi hupunguza nguvu ya maji, na udongo ushukao na mito hutuama hapo badala ya kwenda kufunika nyasi za bahari na matumbawe, ambayo hutaka maji meupe. Wataalamu waliokusanya vipimo vya nchi mbalimbali wameonyesha kwamba mita 100 za mikoko zaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kwa kadiri msitu ulivyo mzito.

Faida ya tatu imejulikana zaidi siku hizi. Miti yote huvuta hewa ya kaboni na kuiweka katika mwili wake. Mikoko huizika kaboni hiyo topeni pia, na kwa kuwa tope halina oksijeni, haiozi upesi. Ndiyo maana ekari moja ya mikoko yaweza kuweka kaboni mara tatu mpaka tano ya ekari moja ya msitu wa bara. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Huuza hesabu ya kaboni iliyohifadhiwa, na fedha zake zimesaidia mambo ya maji na shule. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator Prize.

BORITI

Wazazi wetu watasema kwamba nimesahau faida ya nne, nayo ndiyo ya zamani kuliko zote, yaani miti ya kujengea. Sikuisahau. Fito, pau, boriti na nguzo za mikoko zimejenga pwani hii. Nyumba za mawe za Lamu, Unguja na Kilwa zina vyumba virefu lakini vyembamba, maana upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mkomafi na mlilana vilitumika katika vyombo, na magamba ya mkandaa na mkoko katika kutengeneza ngozi na kutia rangi nyavu.

Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi yakiwa yamepakia boriti, maana nchi zile hazina miti mirefu. Mwaka 1939 mwandishi Alan Villiers, aliyezaliwa Australia na kuwa baharia, alifika delta ya Rufiji katika jahazi la Kuwait lililokwenda kuchukua boriti. Biashara ile ilikuwa kubwa, na kwa miaka mingi msitu uliistahimili, kwa sababu wakataji walichagua mti huu wakaacha ule.

Siku hizi mambo ni mengine. Watu wameongezeka, na msitu hukatwa kwa kuni, mkaa na kuchomea chokaa. Mahali pengine umefyekwa wote ili kufanya mashamba ya chumvi. Katika delta ya Rufiji, mikoko imefyekwa kwa ajili ya mpunga. Magugu yanapozidi, shamba huachwa likafunguliwa jingine. Siwalaumu wakulima, maana mtu mwenye watoto lazima alime. Lakini ni vizuri tujue tunachouza na bei yake. Mpango wa kwanza wa kutunza mikoko ya Tanzania Bara, ulioandikwa na Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991, ulihesabu hekta 115,500 hivi, na karibu nusu yake ilikuwa Rufiji. Kenya inazo hekta 61,000 hivi, na zaidi ya nusu ziko Lamu. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, wala haikatwi bila ya kibali.

KOSA LETU

Sasa nitarudi kwenye ile miche 800.

Nilipochagua mahali pa kupanda, nilitafuta mahali peupe. Mbele ya msitu, upande wa bahari, pana uwanja mpana wa mchanga na tope usio na mti hata mmoja. Nikasema, "Hapa pako tupu, basi hapa ndipo panapohitaji miti." Tulikwenda siku ya bamvua maji yamekupwa kabisa, uwanja ulionekana mkavu na mzuri. Tulichukua miche ya mkoko peke yake, kwa kuwa ndiyo rahisi kuokota na rahisi kuchomeka.

Siku ile bibi mmoja, mjukuu wake ni mwanafunzi wetu, alikuwa akiokota chaza karibu nasi. Nilimwamkia, akaitikia, akatutazama kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, hapo hapajaota mkoko tangu enzi za bibi yangu. Mnadhani ni kwa kuwa hapakutokea mtu wa kuupanda?" Nilicheka, nikamwambia, "Bibi, tutajaribu." Hakusema neno jingine.

Bibi yule alikuwa ametoa somo zima kwa maneno machache. Miti ya pale karibu huangusha miche maelfu kila mwaka, na maji huipitisha juu ya uwanja ule ule. Ikiwa hakuna hata mmoja ulioshika kwa miaka yote hiyo, basi sababu haikuwa upungufu wa miche.

Tuliporudi mwezi wa Februari, tulikuta mengine yameng'olewa na mawimbi ya kusi, mengine yamefukiwa na mchanga, na mengine yangali yamesimama lakini yamekauka, mashina yameshikwa na viumbe vidogo vyenye magamba magumu. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu akauliza, "Mwalimu, mbona yote iliyopona iko upande mmoja?" Ikawa kweli. Ile 31 yote ilikuwa katika mistari miwili ya juu, karibu na miti mikubwa.

Tukapima. Wanafunzi walisimamisha vijiti viwili, kimoja katikati ya uwanja na kimoja chini ya mikoko ya zamani, wakakaa na saa kwa zamu tangu asubuhi mpaka jioni. Katika saa 12 uwanja ulifunikwa na maji kwa saa 7. Chini ya mikoko ya zamani maji yalikaa saa 3 tu. Mtaalamu wa Marekani, Robin Lewis, alieleza mwaka 2005 kwamba mikoko hustawi mahali panapofunikwa na maji kwa asilimia 30 ya wakati au pungufu. Piga hesabu: asilimia 30 ya saa 12 ni saa 3 na dakika 36. Kipimo cha siku moja hakitoshi, lazima kirudiwe wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Lakini kimetosha kutuonyesha njia. Miche yetu haikuuawa na chumvi, wala haikuibiwa. Tuliizamisha. Tulimtaka mzamiaji akae chini zaidi ya nusu ya siku.

Wala si sisi peke yetu. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, mikoko mingi ilipandwa huko Sri Lanka. Wataalamu walipokwenda kuchunguza mahali 23 palipopandwa, mahali 9 hawakukuta mche hata mmoja ulio hai. Makosa yalifanana na yetu: mahali pasipofaa, na aina ya mti isiyofaa. Nayasema haya ili wanafunzi wajue kwamba kosa hili hufanywa na watu wazima wenye fedha na elimu, wala si kwa kujifariji.

TUTAFANYA NINI SASA?

Nilimwendea bibi yule nyumbani kwake nikamwomba radhi. Alicheka, akanikaribisha chai, akaniambia, "Mikoko iliyokufa haikuwa kule mbele, Mwalimu. Ilikuwa huku nyuma, kabla ya tuta la chumvi." Siku ya pili alitupeleka. Nyuma ya msitu liko shamba la chumvi lililoachwa zamani. Limezungukwa na tuta la udongo, na ndani yake ardhi ni kavu, nyeupe kwa chumvi, yenye visiki vya mikoko. Maji ya bahari hayawezi kuingia, na miche ielekeayo huko huzuiwa na tuta.

Basi mwaka huu hatutapanda mche. Tumeandika barua kwa serikali ya kijiji na kwa Wakala wa Huduma za Misitu kuomba ruhusa ya kukata tuta lile mahali pawili, palipopita mikondo ya maji zamani. Barua tumeandika, jibu bado tunalingoja. Tukiruhusiwa, maji yataingia na kutoka kama zamani, na bahari italeta miche yenyewe. Itakaposhindwa ndipo tutasaidia kwa mikono, tena kwa kufuata mambo haya:

1. Kuwauliza kwanza wavuvi na waokotaji chaza mahali mikoko ilipokuwa, na kilichoiondoa.

2. Kupima usawa wa ardhi kwa mpira mwembamba wa wazi uliojazwa maji, kama waashi wafanyavyo wanapotafuta usawa wa msingi, ili mche uwekwe sawasawa na kimo cha wazazi wake.

3. Kuchagua mti kwa mahali: mlilana mbele, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu juu.

4. Kuacha nyanda za mchanga na za nyasi za bahari kama zilivyo, maana nazo zina wenyewe: samaki, ndege na akina mama waokotao chaza.

5. Kuhesabu miche iliyo hai baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, na kuichapisha hesabu hiyo katika gazeti hili, iwe nzuri au mbaya.

6. Kupanda mivinje katika ardhi ya shule, kama walivyofanya wenzetu wa Gazi, ili ipatikane miti ya kuni na ya kujengea bila ya kuugusa msitu wa bahari.

Na juu ya hayo yote, kuulinda msitu ulioko. Mkoko mkubwa uliosimama mahali pake hauhitaji mradi. Wahitaji kuachwa tu.

Kwa mzazi aliyeniandikia, jibu langu ni hili. Miche ilikufa kwa kukosa pumzi, kwa kuwa mwalimu alichagua mahali kwa macho bila ya kupima, na aliyejua hakusikilizwa. Watoto wamejifunza kupima. Mwalimu wao amejifunza kuuliza. Katika gazeti la muhula ujao hamtaona picha ya watoto wakicheka na miche mikononi. Mtaona hesabu ya saa za maji, na kama Mungu akipenda, habari ya tuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya mizizi ya mkoko, mchu na msinzi. Yote hufanya kazi gani moja?

2. Kwa nini udongo mwingi wa mafuriko huua mikoko, ingawa mikoko huota katika udongo?

3. Kijiti kimefunikwa na maji kwa saa 5 katika saa 12. Hiyo ni asilimia ngapi? Je, ungepanda mkoko hapo?

4. Mvuvi asema, "Mimi navua kwenye matumbawe, mikoko hainihusu." Mjibu kwa adabu, kwa hoja mbili.

5. Muulize mzee mmoja wa kwenu majina ya mikoko ayajuayo na kazi ya kila mti. Yaandike, uyalete darasani.

Mwalimu wa Biolojia